Wakala Kati ya Duka na Waiyaki Way

Ukinunua viatu kwenye tovuti ya duka la Barabara ya Tom Mboya ukachagua kulipa kwa M-Pesa, simu yako inakuletea dirisha la kuandika PIN. Kabla ya hapo programu ya duka imekwisha kuzungumza na seva za Safaricom, kampuni yenye makao yake Waiyaki Way, Westlands, kupitia kiolesura kiitwacho Daraja, kilichozinduliwa mwaka 2017.

Mazungumzo hayo yana masharti. Programu huomba kwanza tokeni, ambayo huisha muda baada ya takriban saa moja. Kisha huunda nywila kutokana na nambari ya biashara, ufunguo wa siri na saa ya ombi. Masharti haya yakitapakaa katika kila ukurasa wa tovuti, badiliko dogo tu la Daraja litamkesheza msanidi akipekua msimbo wote.

Dawa imo katika kitabu cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides kilichotoka 1994, chenye ruwaza 23 za usanifu. Mojawapo ni wakala: kitu ndani ya programu yako kinachosimama badala ya kilicho mbali. Kama mtu anavyotoa pesa kibandani kwa wakala wa M-Pesa mtaani bila kufika Westlands, ukurasa wa malipo humwambia wakala "omba malipo", basi. Tokeni, nywila na anwani za seva anazijua yeye peke yake. Wakati wa majaribio unaweka wakala bandia mwenye sura ileile, na hakuna shilingi inayohama. (Mimi ningeanza na huyu kabla hata ya kuchagua rangi za tovuti.)

Ila wakala asidanganye. Mwaka huohuo wa 1994, Jim Waldo na wenzake wa Sun Microsystems walionya dhidi ya kukichukulia kitu kilicho mbali kana kwamba kiko karibu. Ndivyo ilivyo hapa: jibu la kwanza la Daraja husema tu kwamba ombi limepokewa, na hutoa kitambulisho chake. Matokeo hufuata baadaye, seva za Safaricom zinapoitafuta seva ya duka: 0 maana yake mteja amelipa; 1032, ameghairi. Kwa hiyo wakala anayerudisha "ndiyo" papo hapo ni mwongo. Afadhali ruwaza ya mtazamaji: oda hujiandikisha kwa wakala, ikaarifiwa matokeo yakifika. Yasipofika, wakala aulize hali ya muamala. Yakifika mara mbili, kitambulisho kile ndicho kitakachozuia jozi ya pili ya viatu isipakiwe.