Mushitakiwa ameachiliwa huru: wewe uliyeshitaki unaweza kufanya apeli?



Mimi nilisoma agronomia, si sheria. Lakini mwenye kufanya kazi na wakulima anakutana na mambo ya tribinali kila mara. Kikundi kimoja ninachosindikiza kilishitaki mutu waliyemupa feza ya mbegu za mahindi, mbegu hazikufika. Juji akasema kosa halikuhakikishwa, mutu ni huru. Bamama wakaniuliza: “Injenieri, tupande juu ili afungwe?” Nikasoma code, nikauliza ba-avoka. Jibu linafaa kila mmoja wetu.

Kwanza mulango wa kuingia. Hapa Congo, aliyetendewa mabaya halazimishwi kungojea parke. Code ya mwenendo wa kesi za azabu, ya tarehe 6 Agosti 1959, inamuruhusu kumwita mushitakiwa moja kwa moja mbele ya tribinali. Njo ile ba-avoka wanaita « citation directe ». Kwa kosa kama kula feza uliyoaminiwa, azabu haipiti miaka 5 ya kifungo, kwa hiyo munaanzia ku Tripaix.

Juu wewe njo ulifungua kesi, unazani ni yako mpaka mwisho. Haiko vile. Ndani ya kesi moja kuna vitu viwili: azabu na fidia. Azabu ni ya Leta. Fidia njo yako.

Ndiyo maana kifungu cha 96 kinapanga wenye haki ya apeli. Mushitakiwa anaweza. Parke inaweza. Na wewe, « partie civile », unaweza pia, lakini kwa fidia tu. Kama parke imenyamaza, tribinali ya juu haiwezi kumupa yule mutu hata siku moja ya kifungo juu ya apeli yako peke yake.

Sababu yake inaeleweka. Kama kila mwenye hasira angeweza kupandisha kesi ili jirani afungwe, aliyeachiliwa hangelala usingizi. Hata hivyo naona pengo: mukulima anategemea parke ambayo pengine haijasoma hata ukurasa moja wa kesi yake. Kama haimushuulikie, kwa upande wa azabu mambo yameisha.

Sasa, ufanye nini?

1. Hesabu siku. Uko na siku 10 kuanzia juji aliposoma hukumu mbele yenu. Kama hukumu ilitolewa mumoja hayuko, kwake siku zinaanza pale anapojulishwa hukumu kwa njia ya sheria. Zikipita, mulango umefungwa, isipokuwa kizuizi kikubwa kisichotoka kwako.

2. Enda ku grefe. Apeli inatangazwa kwa mudomo ao kwa maandishi. Omba karatasi yenye kuonyesha tarehe.

3. Andikia parke ya tribinali ya juu. Kwa hukumu ya Tripaix, ni parke ya Tribinali Kubwa (TGI). Yenyewe iko na miezi 3 tangu hukumu kusomwa. Eleza ushuhuda gani juji aliacha kando, weka kopi. Kulazimisha huwezi, kuomba unaweza.

4. Pima hatari. Aliyeachiliwa anaweza kukudai fidia akisema ulimushitaki bure, kwa kumusumbua tu.

Bamama wale nikawaambia hivi: kama munatafuta feza ya mbegu, mukimbie ku grefe mbele ya siku ya 10. Kama munatafuta kifungo, mutu wa kusadikisha ni wa parke. Na mara ingine, mupeane feza kwa karatasi yenye sinyatire. Bila karatasi, hata juji mwema anakosa pa kushika.