Chumvi na Ubongo wa Mtoto

Ndugu msomaji, chumvi unayotia kwenye mboga inaweza kumkinga mtoto aliye tumboni asizaliwe na akili nzito. Je, chumvi na ubongo vinahusianaje? Tusome pamoja, taratibu.

Ubongo huongoza mwili wote kwa njia ya nyuzi za fahamu. Ukikanyaga mwiba, habari hupanda mpaka kwenye ubongo, nawe husikia maumivu.

Tazama waya wa umeme. Ndani mna shaba, nje mna ganda la plastiki. Nyuzi nyingi za fahamu nazo huvikwa ganda la mafutamafuta. Ganda hilo huitwa mayelini. Uzi usio na ganda hupitisha habari kwa mwendo wa mita 1 hivi kwa sekunde. Uzi mnene wenye ganda huweza kupita mita 50 kwa sekunde.

Nani hutengeneza ganda hilo? Katika ubongo zimo chembe hai ambazo ni wasaidizi. Mwaka 1856 daktari wa Ujerumani, Rudolf Virchow, alizipa jina lenye maana ya gundi. Alidhani kazi yake ni kushikamanisha ubongo. Siku hizi tunajua kwamba wasaidizi hao wako wa aina nyingi, na aina moja ndiyo inayozungushia nyuzi ganda.

Chembe hizo haziko tayari tangu mwanzo. Zikiwa changa, hugawanyika na kuongezeka tu. Zikipevuka, huacha kugawanyika na kuanza kazi ya ganda. Nani huziambia kwamba wakati umefika? Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu mojawapo kubwa ni homoni itokayo katika tezi ya shingoni. Homoni ikipungua, chembe huchelewa kupevuka, na ganda huwa pungufu.

Kazi hii huanza mtoto akiwa tumboni. Huenda mbio zaidi katika miaka 2 ya kwanza. Hiyo ni sababu mojawapo ya mtoto kukaza shingo kwanza, kisha kukaa, kisha kutembea.

Sasa tufike kwenye chumvi. Tezi ya shingoni haiwezi kutengeneza homoni hiyo bila madini joto. Katika miezi ya kwanza ya mimba, mtoto hutumia homoni ya mama yake. Mama akikosa madini joto, mtoto naye hukosa. Upungufu ukiwa mkubwa, mimba huweza kuharibika. Au mtoto huzaliwa kiziwi, amedumaa, au ana akili nzito. Ubongo ukishaharibika hivyo tumboni, hakuna dawa ya kuurudisha. Huo si uchawi, wala si laana. Ni upungufu unaozuilika.

Mtu mzima mwenye upungufu huo huweza kuota rovu. Katika nyanda za juu, kama Iringa na Mbeya, rovu lilienea sana. Mvua za miaka mingi zimeosha madini joto katika udongo, kwa hiyo mazao nayo huwa na machache. Katika miaka ya 1990 Serikali ya Tanzania iliagiza chumvi ya kula itiwe madini joto.

Basi tufanye hivi:

1. Nunua chumvi iliyoandikwa kwenye pakiti kuwa ina madini joto. Soma kabla ya kulipa.

2. Iweke katika chombo kikavu chenye kifuniko. Usiiweke juani wala karibu na moto. Madini joto hupotea.

3. Tia chumvi mboga inapokaribia kuiva.

4. Usizidishe chumvi. Kiasi kidogo cha kila siku chatosha. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu.

5. Muhogo mchungu ulowekwe na kukaushwa vizuri. Usipotayarishwa vyema, huzuia tezi kutumia madini joto.

6. Mama mjamzito awahi kliniki, na ameze vidonge vya kuongeza damu. Chembe zinazotengeneza ganda huhitaji pia madini chuma.

7. Mtoto akichelewa kukaza shingo, au asiposhtuka kwa kelele, mpeleke zahanati mapema. Sababu ni nyingi; usingoje.

Ndugu msomaji, jioni ya leo tazama chumvi yako. Imefunikwa? Imewekwa wapi?