Marmoti na Mtoto Ambaye Bado Yuko Nyumbani

Akina mama wengi tumewahi kuulizwa swali hili nje ya kanisa, baada ya ibada: "Na yule mkubwa wako, bado yuko nyumbani tu?" Huulizwa kwa adabu, na hata hivyo huchoma. Mimi nilikuwa nalo moyoni niliposoma habari za marmoti, mnyama ambaye huku kwetu hatunaye.

Marmoti ni ndugu wa kindi, lakini makao yake si mitini. Ni mnene, mwenye miguu mifupi, naye huchimba mashimo katika nchi za baridi za Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Asia. (Msomaji wa Mithali sura ya 30 asimchanganye na wibari. Wibari, yaani pimbi, si kindi hata kidogo. Miongoni mwa jamaa zake wa karibu, ajabu ya Mungu, ni tembo!) Marmoti hula majani na maua. Theluji ikianguka hulala shimoni miezi mingi bila kula, akiishi kwa mafuta ya mwili wake.

Mwaka 1974 mtaalamu David Barash wa Marekani alilinganisha aina tatu za wanyama hawa. Wa kwanza, wa mabondeni mashariki mwa Marekani, huishi peke yake, na watoto wake humwacha mama kiangazi kile kile walichozaliwa. Wa pili, mwenye tumbo la manjano, hukaa na watoto mpaka mwaka unaofuata. Wa tatu huishi juu katika milima ya Olympic, jimbo la Washington, na watoto wake hukaa naye mpaka wafikie miaka miwili.

Je, ni kwa sababu mama wa mabondeni hana upendo? La. Tofauti ni majira. Kule bondeni majani huwa mabichi muda mrefu, na mtoto hunenepa upesi. Mlimani kiangazi ni kifupi mno. Mtoto hajamaliza kukua, na theluji imesharudi. Akifukuzwa mapema hufa. Basi mama huvumilia, na kutokana na uvumilivu huo jamii nzima ikajengeka: mama, baba, watoto wa mwaka jana na wa mwaka huu, wote kwenye uwanda mmoja. Wataalamu huita jambo hili mageuko. Waliofukuza watoto mapema mlimani hawakuacha kizazi, na waliowavumilia ndio walioendelea.

Kenneth Armitage, aliyeanza kuwachunguza wale wa tumbo la manjano huko Colorado mwaka 1962 na kuendelea kwa zaidi ya miaka 40, aliona kwamba karibu vijana wote wa kiume huondoka, lakini karibu nusu ya mabinti hubaki jirani na mama.

Katika milima ya Alpi, huko Ulaya, kuna jambo lililonigusa zaidi. Jamii nzima hulala baridi yote katika shimo moja, wamebanana. Wadogo wakiwa na kaka na dada wakubwa wa kuwatia joto, wengi zaidi huamka salama. Lakini wale wakubwa huamka wamekonda kuliko kama wangelala bila wadogo. Yule mtoto "aliyebaki nyumbani tu" kumbe alikuwa blanketi la wadogo zake.

Tusidanganyane, si raha tupu. Huko huko Alpi binti anayebaki kwa kawaida hazai maadamu mama yake ndiye anayetawala nyumba. Akitaka watoto wake, itambidi atafute shimo lingine au asubiri nafasi. Naye mama wa Olympic hulipa kwa upande wake: mara nyingi akizaa mwaka huu, mwaka unaofuata hazai, kwa kuwa mwili wake haujapata mafuta ya kutosha.