Ofisi isiyo na jengo: nani anaandika programu za hospitali zetu?

Saa tatu asubuhi mjini Indianapolis, Marekani, wakati wa baridi, ni saa kumi alasiri mjini Goma, saa kumi na moja jioni huko Eldoret nchini Kenya, na saa mbili kasorobo usiku Kathmandu, Nepal. Timu yenye watu katika miji hiyo minne ikitaka kufanya mkutano, lazima mmoja wao aache chakula cha usiku. Mara nyingi ni yuleyule.

Tangu Covid-19 ilipofunga ofisi mwaka 2020, kampuni changa za teknolojia ya afya zimekuwa zikitangaza kwamba hazihitaji tena jengo. Mfanyakazi akae anapotaka, awe na ordinateri na intaneti, basi. Matangazo yao ya kazi huongeza kwamba wanakaribisha watu wa kila nchi, kila rangi na kila lugha. Kwa kijana wa Bukavu au Lubumbashi aliyesoma mambo ya ordinateri na hana kampuni ya kumwajiri mjini kwake, maneno hayo ni matamu. Lakini matangazo ni rahisi kuandika. Ili kujua kazi ya namna hiyo inaendaje, ni bora kuangalia mradi uliokuwa ukifanya hivyo miaka mingi kabla ya Covid.

Mradi huo ni OpenMRS, programu ya kutunza faili za wagonjwa, na ulianza karibu na sisi. Mwezi wa pili 2004, madaktari wawili Wamarekani, Paul Biondich na Burke Mamlin, walifika Eldoret kusaidia mpango wa AMPATH wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Wagonjwa wa Ukimwi walikuwa wakiongezeka kila wiki, na mfumo uliokuwepo, uliojengwa kwa Microsoft Access, ulikuwa umezidiwa. Waliungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health na Chris Seebregts wa Afrika Kusini. Mwaka 2006 programu ilianza kutumika Eldoret, kisha Rwinkwavu nchini Rwanda. Kodi yake iliachwa wazi, yeyote aichukue bila kulipa.

Hapo ndipo ofisi ilipopotea. Watu wa Rwanda, Uganda, Haiti, India na Afrika Kusini walianza kuirekebisha kwa mahitaji yao, na hakuna chumba ambacho kingewatosha. Ikabidi mambo yaandikwe. Mtu anayetaka kubadilisha kitu anaeleza hadharani kwa nini, wengine wanajibu wakati wao wa kuamka ukifika, na uamuzi unabaki pale kwa atakayekuja mwaka kesho. Anayeanza anapewa kazi ndogo. Akiimaliza vizuri anapewa kubwa zaidi, na ngazi za kupanda zinajulikana na wote. Mikutano ya ana kwa ana ipo, ila nayo imehamahama: Kampala mwaka 2016, Malawi 2017, Msumbiji 2019.

Tabia hiyo ya kuandika kila kitu ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Katika ofisi ya kawaida, mengi huamuliwa kwenye korido, au kwenye bia baada ya kazi. Aliye mbali husikia habari ikiwa imekwisha. Ndiyo sababu kampuni yenye nusu ya watu ofisini na nusu nyumbani huwa na wafanyakazi wa daraja la kwanza na wa pili, hata kama mkataba ni mmoja.

Na matunda ya kuchanganya watu yanaonekana ndani ya programu yenyewe. Muuguzi anapoandikisha mgonjwa katika OpenMRS, anaweza kuweka alama kwamba tarehe ya kuzaliwa ni ya kukadiria. Ni kitu kidogo. Lakini mama wa Walikale au Kalehe aliyezaliwa kijijini na hajui siku, akikutana na mashine inayodai tarehe kamili, muuguzi atabuni tu Januari mosi, na takwimu zitajaa watu waliozaliwa siku moja. Tena, majina ya magonjwa na maswali yamewekwa katika kamusi ya ndani ambamo kila kitu kinaweza kuwa na jina kwa lugha kadhaa, na hospitali inaweza kuongeza swali jipya bila kumwita mtaalamu wa programu.

Pale ambapo mchanganyiko huo haupo, mgonjwa ndiye analipa. Mwezi wa kumi na mbili 2020, wakati wa Covid, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan kuhusu kile kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole ili kupima oksijeni. Kwa wagonjwa weusi, kifaa kilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Vifaa hivyo vilikuwa hospitalini kwa miaka mingi, na madaktari wakiviamini.

Basi mlango uko wazi. Lakini kuufikia kuna gharama.

Kwanza, miradi ya namna hii huingiwa kwa kujitolea, na kujitolea ni anasa kwa mtu anayenunua mega kwa siku. OpenMRS imekuwa katika mpango wa Google unaolipa vijana kuandika kodi kwa miezi michache tangu 2007, na wengi waliingia kwa njia hiyo. Hata hivyo, tangu 2017 Google inalipa kiasi tofauti kulingana na gharama ya maisha ya nchi. Kampuni ya GitLab, ambayo haina ofisi kuu na hutajwa kama mfano wa kazi ya mbali, nayo inapanga mshahara ikitazama mahali mtu anapoishi. Wana hoja zao. Ila ordinateri haiuzwi kwa bei nafuu Goma kwa sababu Goma ni maskini.

Pili, nchi yenyewe. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serikali ya Kinshasa ilikata intaneti kwa karibu majuma matatu. Mwisho wa Januari 2025, M23 ilipouteka mji wa Goma, mabenki yalifunga milango. Aliyekuwa akingoja mshahara kutoka ng'ambo alibaki na simu yake, na makato ya mawakala. Tangazo la kazi linaposema "popote ulipo", lina maana ya popote penye umeme, mtandao na benki.

Wanawake wana mzigo mwingine juu ya huo. Kazi ya nyumbani huwasaidia wale ambao safari ya jioni ni hatari kwao, na mashariki mwa nchi hilo si jambo dogo. Lakini katika familia nyingi, mwanamke aliyeketi nyumbani mbele ya ordinateri huhesabiwa kuwa hayuko kazini: mtoto apelekwe kwake, maji yakikatika ni yeye. Hakuna mwajiri wa mbali anayeona hayo kwenye kioo.

Kongo, mpaka sasa, ni mtumiaji zaidi kuliko mtengenezaji. Takwimu za zoni zote 519 za afya hupita katika DHIS2, programu nyingine ya wazi ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi na ambayo leo inaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Dar es Salaam, Kampala, Kigali na Lomé zina vikundi vinavyoshiriki kuikuza. Wauguzi wetu wanaijaza kila mwezi, na wanajua vizuri ni wapi fomu inawachosha. Maarifa hayo hayawafikii wanaoandika kodi, kwa sababu mazungumzo huko ni ya Kiingereza, ripoti zetu ni za Kifaransa, na mgonjwa anaongea Kiswahili, Mashi au Kinande.

Njia iliyo karibu zaidi ni tafsiri. OpenMRS hutafsiriwa na watu wa kujitolea mtandaoni, sentensi kwa sentensi, kazi isiyohitaji mkutano wala saa ya Indianapolis. Na wanaohitajika ni wa kutoka sehemu zaidi ya moja. Bukavu, "muganga" ni yule wa hospitali, mwenye blauzi nyeupe. Dar es Salaam, ukimwambia mgonjwa aende kwa mganga, huenda akaenda kutafuta mizizi.