Saa ya dhahabu ya babu: Kabla umpelekee broka wa Migori, soma hizi alama kwanza

Mwezi mmoja baada ya kumzika kwara, yaani babu yetu, huku ushago Ndhiwa, sanduku lake la bati lilifunguliwa. Ndani kulikuwa na kitambulisho cha kitambo, risiti za karo na saa moja ya mkono, ya manjano, imefungwa kwa leso. Kufika jioni boma lilikuwa limegawanyika mara mbili. Baba mkubwa alisema hiyo ni dhahabu tupu, ipelekwe Migori iuzwe, doo igawanywe. Baba mdogo akasema mzee alimwahidi yeye. Ndugu wawili waliolia pamoja kwa mazishi wakaanza kunyimana salamu, na hakuna hata mmoja alijua kama hiyo kitu ni dhahabu ama ni rangi tu.

Mimi ndiye yule kijana aliacha chuo na sasa anaandika vitu mtandaoni, kwa hivyo kazi ya kutafuta ukweli niliangushiwa mimi. Haya ndiyo nilijifunza. Kama kwenu pia kuna saa ya mzee kwa droo, ama umeokota moja mahali, kaa rada.

Broka wa dhahabu si fundi wa saa

Migori ni county ya dhahabu tangu enzi za mkoloni. Mgodi wa Macalder kule Nyatike ulitoa dhahabu na shaba hadi ukafungwa 1966, na mpaka leo wasee wanachimba kwa mikono Osiri, Masara na upande wa Kehancha. Broka wa huko anajua kazi yake fiti. Jiwe linasagwa, linaoshwa, zebaki inakamata dhahabu, inachomwa, kinachobaki kinawekwa kwa mizani.

Shida ni kwamba jicho lake limezoea dhahabu ya shimoni. Ukimletea saa ataona gramu tu, na njia yake ya kujua ukweli ni asidi ama moto. Saa ikishaingia kwa moto hairudi. Kama ilikuwa Omega ama Longines safi, unaweza kuwa umeyeyusha kitu ambacho mkusanyaji wa saa angelipa zaidi ya bei ya dhahabu yake.

Hata mizani yenyewe inadanganya. Ndani ya saa kuna mashine ya brasi na chuma, juu kuna kioo. Uzito wa saa nzima si uzito wa dhahabu. Kinachohesabiwa ni kasha peke yake.

Alama zinazosema ni dhahabu kweli

Toa mkanda, panguza saa na kitambaa laini kikavu, kisha piga picha na simu ukivuta karibu. Angalia mgongo wa saa na pale mkanda unashikilia. Alama zingine ziko ndani ya kifuniko cha nyuma, lakini hapo usifungue na kisu cha jikoni. Mpe fundi wa saa.

Namba za kutafuta ni hizi. 750 ni karati 18, maana yake katika kila sehemu 1,000 za hiyo metali, 750 ni dhahabu safi. 585 ni karati 14. 375 ni karati 9, ambayo Waingereza walipenda sana. Hesabu ni rahisi: kasha la gramu 10 la karati 18 lina dhahabu safi gramu 7.5. Kasha la uzito huo huo la karati 9 lina gramu 3.75 pekee. Ndiyo maana "ni dhahabu" haitoshi. Swali ni dhahabu ya karati ngapi.

Kando ya namba kunakuwanga na vipicha vidogo. Kwa saa za zamani za Uswisi, kichwa cha mwanamke ni karati 18 na kindi ni karati 14. Kuanzia 1995 Waswisi walibadilisha, wakaweka kichwa cha mbwa. Kwa kasha lililotengenezwa Uingereza, nanga ni muhuri wa Birmingham na kichwa cha chui ni wa London, halafu kuna herufi moja inayoonyesha mwaka. Birmingham kulikuwa na kampuni inaitwa Dennison iliyotengeneza makasha mengi ambayo ndani yake iliwekwa mashine ya Uswisi. Kwa hivyo ukipata kasha la Mwingereza na mashine ya Mswisi, usidhani umechezwa. Hiyo ilikuwa kawaida.

Alama zinazosema ni rangi tu

Hapa ndipo wengi huangukia. Ukiona "Gold Plated", "GP", "SGP", "Gold Filled", "GF", "Rolled Gold", "RGP" ama "HGE", hiyo ni metali ingine iliyofunikwa dhahabu juu. "18K GP" pia ni hivyo hivyo, hata kama 18K ndiyo imeandikwa kubwa. "Plaqué or" ni Kifaransa cha kitu ile ile. Na kama imeandikwa "Guaranteed 20 Years" ndani ya kifuniko cha saa ya Mmarekani, hiyo si waranti ya mashine. Walikuwa wanaahidi kwamba ngozi ya dhahabu haitaisha kabla ya miaka 20. Dhahabu tupu haihitaji ahadi kama hiyo.

Kuna ingine inasema "20 Microns". Hiyo ni unene wa dhahabu iliyopakwa. Unywele wa kichwa chako kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Na ukiona "Stainless Steel Back", jua mgongo ni chuma, na mara nyingi sehemu ya mbele nayo ni ya kupakwa.

Kama alama zimefutika, angalia kona na kingo, penye shati limesugua miaka mingi. Dhahabu tupu ikilika, chini yake ni rangi ile ile. Iliyopakwa ikilika inaonyesha wekundu, weupe ama kijani cha kutu.

Usijaribu hizi nyumbani

Sumaku: wacha kabisa. Kwanza brasi pia haivutwi na sumaku, kwa hivyo kutovutwa hakuthibitishi kitu. Pili, sumaku inaweza kuvuruga ule uzi mwembamba wa chuma ndani ya mashine, saa ianze kukimbia kama boda ya Rongo.

Maji: ile ya kupima kitu kwa maji inafanya kazi kwa pete, si kwa saa. Ndani kuna mashine na hewa, hesabu haitakuja sawa, na saa kuukuu itaingiza maji tu.

Ndimu, dawa ya meno, kuuma na meno: zote zinaharibu bila kukuambia kitu. Na usikwangue ile rangi inayong'aa gizani kwenye uso wa saa. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu, ambayo ina mionzi. Ikiwa imefungwa ndani ya kioo iache hivyo, usivute hilo vumbi.

Njia safi ni sonara mwenye mashine ya kupima metali kwa miale. Haichubui, haichomi, na majibu yanatoka hapo hapo. Mwambie apime mbele na mgongo, na kama kona imelika apime hapo pia, juu miale inaweza kusoma ile ngozi ya juu peke yake.

Je, saa yenyewe ni orijino?

Dhahabu inaweza kuwa ya ukweli na saa ikawa ya kuunganishwa. Vitu vitatu lazima vikubaliane: jina kwenye uso, jina kwenye mashine na namba kwenye kasha. Uso ukisema Omega na mashine haina jina la Omega popote, uliza maswali.

Halafu linganisha saa na hadithi ya familia. Saa za mkono za kutumia betri ya quartz zilianza kuuzwa Desemba 1969, Seiko wakiwa wa kwanza. Kwa hivyo kama mnaambiwa mzee alipewa na mzungu 1955 na ndani kuna quartz, mtu ameongeza chumvi. Ikiwa ni Seiko, namba ya mgongoni ina siri: tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi. Longines nao wana madaftari ya tangu karne ya 19, unaweza kuwaandikia ukiwa na namba ya mashine.

Sheria nayo

Ya urithi: Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu kuuza mali ya marehemu kabla mahakama haijatoa idhini. Faini ni hadi shilingi 10,000 ama jela hadi mwaka mmoja. Anzeni na barua ya chifu, kisha mahakama.

Ya kuokota: ripoti polisi na uchukue namba ya OB. Kushika mali ukiwa na sababu ya kujua ni ya wizi kunaweza kukupeleka ndani hadi miaka 14.

Ya kwara je?

Tulienda na baba zangu wote wawili kwa fundi Homa Bay mjini. Nilipiga picha kila upande kabla hajaigusa, na tulikaa hapo hapo akiifungua. Mgongo: chuma. Ubavuni, kwa herufi ndogo sana: 20 Microns. Dhahabu yote hapo haifiki hata gramu moja, na kuitoa ni kazi kuliko faida.

Lakini ndani ya kifuniko fundi alituonyesha mikwaruzo mitatu ya sindano. Mafundi wa kitambo walikuwa wanaandika tarehe kila wakihudumia saa. Moja ilisema 1974. Baba mkubwa aliiangalia sana, akasema huo ndio mwaka mzee alianza kumlipia karo ya sekondari. Hakuna mtu aliongea tena mambo ya Migori.

Sasa dani ndiye anaikaa nayo. Inatembea, inachelewa dakika nne kwa siku. Baba mdogo bado anashuku kidogo kwamba fundi alibadilisha kitu. Nikamfungulia zile picha kwa simu, akazihesabu moja moja, akanyamaza.

Kwa hivyo kabla mkosane, someni kwanza mgongo wa saa.