Msaidizi huyu hahitaji bando, bali jicho lako

Katika nyumba nyingi za wakulima wa majanichai kaunti ya Nyamira, kuanzia Kebirigo hadi Nyansiongo, utakuta bahasha inayotunzwa kama hati ya shamba. Ndani yake mna risiti za kilo zilizopimwa kituoni. Mwezi ukiisha, mama hushika kalamu akajumlisha, ili ajue kama malipo yatakayokuja ni ya haki.

Tuseme katika nyumba hiyo mna kijana anayesomea tarakilishi mjini Kisii. Mamake anamwuliza, "Mwanangu, hiyo mashine yako haiwezi kunijumlishia hizi?"

Ombi hilo ni mwanzo mzuri wa kujifunza kuandika programu. Isitoshe, siku hizi yuko msaidizi: akili unde inayoandika programu ukiieleza unachotaka. Wengi hudhani msaidizi huyo hupatikana kwenye intaneti pekee, na kwamba kila swali linakula bando. Sivyo. Unaweza kumweka ndani ya tarakilishi yako, akafanya kazi hata mtandao ukipotea, na risiti za mama zisitoke nyumbani.

Kwanza, chunguza mashine. Ni vyema iwe na RAM ya gigabaiti 8 na nafasi ya kutosha kwenye diski. Pili, tafuta mahali penye Wi-Fi, kama vile chuoni au kwenye saiba, upakue programu ya Ollama kutoka tovuti yake, ollama.com. Haina malipo, nayo hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux.

Tatu, kabla ya kuondoka hapo, fungua dirisha la amri uandike: ollama pull qwen2.5-coder:1.5b. Hii ni modeli ya kuandika programu iliyotolewa na kampuni ya Alibaba ya Uchina mwaka 2024. Ukubwa wake ni kama gigabaiti 1. Nduguye, 7b, ni mwerevu zaidi, lakini ana gigabaiti 4.7, na mashine ya kawaida itamwendesha polepole.

Nne, ukifika nyumbani andika: ollama run qwen2.5-coder:1.5b, kisha uulize swali lako. Anayeandikia programu zake katika VS Code anaweza kuongeza kijalizo kiitwacho Continue na kuchagua Ollama kwenye mipangilio. Uliza kwa Kiingereza chepesi, kwani modeli ndogo kama hii haijui Kiswahili vizuri, sembuse Ekegusii.

Je, kazi imekwisha? La, ndiyo kwanza inaanza.

Kijana ataomba programu ya kujumlisha kilo kwa lugha ya Python, naye msaidizi ataiandika upesi, tena ipendeze macho. Lakini katika Python, kitu mtu anachokiandika kwenye kibodi hupokewa kama maandishi, wala si nambari, mpaka kigeuzwe. Msaidizi akisahau kukigeuza, kilo 12 na kilo 9 hazitakuwa 21. Zitakuwa 129, kwa sababu mashine imezibandika pamoja. Wala haitalalamika. Mama akienda kumkabili karani kwa jumla hiyo, aibu itakuwa ya nani?

Dawa ni mbili. Jaribu programu kwa risiti mbili ambazo jumla yake unaijua kichwani. Kisha mweleze mtu wa nyumbani kazi ya kila mstari. Mstari usioweza kuueleza, usiutumie mpaka uuelewe.

Wazazi nanyi msikae kando mkidhani haya ni ya wasomi. Mwaka 2022, Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala nchini (KICD) iliidhinisha mafunzo ya kuandika programu kwa shule za msingi na za upili, kwa hivyo hata mdogo wao huenda akaja na ombi kama hilo. Mruhusuni amtumie msaidizi, lakini mwulizeni, "Hapa umefanya nini?" Katika chumba cha mtihani atakuwa peke yake.

Naye mama asiitupe kalamu yake. Jumla yake ndiyo itakayoonyesha kama mashine imesema kweli.