Utunzaji wa Baiskeli ya Nyuzi za Kaboni

Mwezi Septemba mwaka 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, nchini Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika bara la Afrika. Baiskeli zilizopita mbele ya watu waliojipanga kando ya barabara za vilima vya mji ule hazikuwa za chuma wala za alumini. Fremu zake zilikuwa za nyuzi za kaboni. Baiskeli za namna hiyo sasa huonekana pia katika barabara zetu za Afrika Mashariki, nyingine zikiwa mpya na nyingine zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo.

Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji jinsi ya kuitunza baiskeli hiyo, pamoja na sababu za kila jambo analoshauriwa. Sababu hizo ni muhimu, kwa maana mtu aliyezoea baiskeli ya chuma aweza kujitia hatarini kwa kufuata desturi zile zile ambazo chuma kilimfunza.

Miaka michache iliyopita, kijana mmoja niliyepata kumfundisha alinijia na baiskeli yake ya kaboni, aliyoinunua kwa akiba ya muda mrefu. Ilikuwa imesafirishwa juu ya keria ya basi, imefungwa kwa kamba za mpira katikati ya mizigo. Kwenye bomba la chini la fremu palikuwa na mstari mwembamba katika rangi, urefu wake kama sentimeta 2. Fundi aliyeitazama, mtu hodari mwenye uzoefu wa miaka mingi, alikuwa amemwambia kwamba ni rangi tu iliyochubuka. Jumapili iliyofuata palikuwa na mashindano. "Mwalimu," akaniuliza, "niende au nisiende?" Swali hilo tutalirudia baada ya kuieleza kaboni yenyewe.

Nyuzi za kaboni ni nini?

Kaboni ni elementi iliyomo katika mkaa, katika masizi na katika kalamu ya risasi. Mwaka 1879 Thomas Edison alitumia nyuzi za kaboni katika taa yake ya umeme, lakini nyuzi zile zilikuwa dhaifu. Nyuzi zenye nguvu kubwa zilipatikana baadaye sana: mwaka 1958 Roger Bacon alizitengeneza huko Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Akio Shindo nchini Japani, na William Watt na wenzake huko Farnborough, Uingereza, walipata njia za kuzitengeneza kutokana na plastiki iitwayo poliakrilonitrili.

Nyuzi za plastiki hiyo hupashwa moto kwanza hewani kwa jotoridi la digrii 200 hadi 300 za sentigredi. Kisha hutiwa katika tanuri lisilo na oksijeni, kwa jotoridi linalozidi digrii 1,000, mpaka kinachobaki ni kaboni karibu tupu. Mchoma mkaa anaifahamu siri hii. Hufunika kuni zake kwa udongo kwa sababu hewa ikiingia kwa wingi kuni zitakuwa majivu, na ikizuiwa zitakuwa mkaa.

Uzi mmoja una kipenyo cha mikrometa 7 hivi, yaani kama sehemu moja ya kumi ya unene wa unywele. Maelfu ya nyuzi hulazwa pamoja, hulowekwa katika gundi ya epoksi, hupangwa tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu, kisha hupashwa moto chini ya kanieneo mpaka gundi igande. Mfano wake ni nyumba ya fito na udongo: fito hubeba mzigo, na udongo hushikanisha fito. Densiti ya kitu kinachopatikana ni kama gramu 1.6 kwa kila sentimeta moja ya ujazo, na ya chuma ni 7.8. Ndiyo sababu baiskeli ya mashindano yaweza kuwa na masi ya kilo 7 tu, hali baiskeli ya kawaida ya chuma, yenye keria ya mizigo, hukaribia kilo 20.

Chuma huonya, kaboni haionyi

Ukikivuta kipande cha chuma laini kwa nguvu, kitarefuka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya urefu wake kabla ya kukatika. Kwa hiyo fremu ya chuma iliyogongwa hupinda, huingia bonde, na mwenyewe huona. Uzi wa kaboni hurefuka kwa kiasi cha sehemu 2 tu katika mia moja, au pungufu, kisha hukatika mara moja. Haupindi kwanza.

Tena nguvu ya kaboni ina mwelekeo. Mhandisi hupanga nyuzi kufuata njia za kani anazozitazamia: uzani wa mpanda baiskeli, mikono inayovuta usukani, miguu inayosukuma pedali. Kwa kani hizo fremu ni imara sana. Lakini kati ya tabaka moja na nyingine hakuna uzi unaopita. Ipo gundi tu. Spana ikianguka juu ya bomba, au kamba ikilibana kutoka ubavuni, tabaka zaweza kuachana ndani, na rangi ya nje ikabaki nzima.

Kutokana na hayo yafuata mambo matatu. Kwanza, usilibane bomba la fremu katika jiriwa wala katika kishikio cha karakana; shika kwenye bomba la kiti, ambalo laweza kutolewa na kubadilishwa. Pili, usiketi juu ya bomba la juu unapopumzika, wala usimruhusu mtoto kulikalia. Tatu, unapoisafirisha, ifunge kwa sponji ya godoro kila upande, na usiweke mzigo wowote juu yake.

Bolti ndogo, kani kubwa

Madhara mengi huanzia kwenye mkono wa mtu anayekaza bolti. Fundi wa baiskeli za chuma hukaza "mpaka ikatae". Lakini kwenye shingo ya usukani na kwenye kibano cha kiti cha baiskeli ya kaboni pameandikwa tarakimu, kwa mfano 5 Nm, maana yake niutoni-mita 5. Hiyo ni momenti, ambayo mwanafunzi wa fizikia anaijua: kani mara umbali. Kwa spana yenye urefu wa sentimeta 10, niutoni-mita 5 hupatikana kwa kani ya niutoni 50 tu, yaani uzani wa mfuko wa sukari wa kilo 5. Mtu anayevuta spana ya sentimeta 25 kwa kani ya niutoni 200 huizidisha momenti hiyo mara kumi.

Na momenti ndogo huzaa mvuto mkubwa. Kwa kawaida wahandisi hukadiria mvuto wa bolti kwa kugawanya momenti kwa kipenyo cha bolti, kisha kwa 0.2, ambayo hutokana hasa na msuguano. Kwa bolti ya milimita 5 tunapata 5 ÷ 0.005 ÷ 0.2, jibu ni niutoni 5,000. Huo ni uzani wa magunia matano ya mahindi ya kilo 100 kila moja, na unabana bomba ambalo ukuta wake una unene wa milimita chache tu. Ukipaka grisi kwenye hesi, msuguano hupungua, na mvuto huongezeka ingawa momenti ni ile ile. Kwa hiyo fuata maelekezo ya mtengenezaji kuhusu kila bolti, na zinapokuwa bolti kadhaa mahali pamoja, zikaze kwa zamu, kidogo kidogo.

Spana yenye kipimo cha momenti ndicho kifaa cha kwanza cha kununua. Hata hivyo, maabara ya shule yaweza kuonyesha kazi yake kwa mizani ya springi. Tundika ndoano ya mizani kwenye spana, sentimeta 10 kutoka katikati ya bolti, kisha vuta kwa pembe mraba mpaka mizani isome niutoni 50. Wanafunzi hushangaa kuona jinsi mkono wao ulivyozoea kupita kiasi.

Bomba la kiti la kaboni lisipakwe grisi ya kawaida, kwa maana litateleza, na mwenyewe atashawishika kukaza zaidi. Ipo dawa maalumu yenye chembechembe ngumu ambazo huongeza msuguano, hivyo kani ndogo ya kubana yatosha.

Chumvi na jasho

Ni kweli kwamba kaboni haipati kutu, lakini yaweza kuiozesha metali iliyo jirani yake. Kaboni hupitisha umeme. Ikigusana na alumini penye maji ya chumvi, hutokea seli ya umeme kama ile ya darasa la kemia, na alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaotokea huchukua nafasi kubwa kuliko metali yenyewe, hata bomba la kiti la alumini likanasa ndani ya fremu na lisitoke tena. Watengenezaji hujaribu kuzuia jambo hilo kwa kuweka tabaka la nyuzi za kioo kati ya vitu hivyo viwili, lakini jasho la mpanda baiskeli na upepo wa bahari wa Mombasa, Tanga au Zanzibar havichoki. Toa bomba la kiti kila baada ya miezi michache, lifute, lipake dawa yake, ulirudishe.

Jua, moto na uchafu

Miale ya urujuanimno huidhoofisha epoksi. Rangi ndiyo kinga yake. Kwa hiyo mkwaruzo uliofika chini ya rangi ufunikwe baada ya kukaguliwa, na baiskeli ihifadhiwe kivulini. Joto kali hulegeza epoksi. Usiifunge nyuma ya gari karibu na bomba la moshi. Ikiwa rimu nazo ni za kaboni na breki hubana rimu, tumia vipande vya breki vilivyotengenezwa kwa rimu hizo, na katika mteremko mrefu usishike breki mfululizo.

Osha kwa maji, sabuni laini na kitambaa laini. Usielekeze maji ya kanieneo kubwa kwenye beringi. Mnyororo usafishwe, upakwe mafuta, na upimwe: pingili 24 za mnyororo mpya zina urefu wa milimita 304.8. Urefu huo ukizidi kwa milimita 1.5, yaani nusu ya sehemu moja katika mia, mnyororo ubadilishwe kabla haujala meno ya gia.

Kuisikiliza fremu

Mama anayenunua chungu sokoni hukigonga kwa kidole na kusikiliza. Fremu ya kaboni nayo hukaguliwa hivyo. Isafishe, iangalie mwangani sehemu kwa sehemu, kisha igonge taratibu kwa sarafu, ukisogea sentimeta moja moja. Palipo pazima hutoa sauti kali na safi. Tabaka zilipoachana hutoa sauti nzito iliyokufa. Lakini sauti hubadilika pia unene unapobadilika, kwa hiyo linganisha upande wa kulia na wa kushoto mahali pale pale. Fanya hivyo kila mwezi, na kila baada ya kuanguka. Ukiwa na shaka, usiiendeshe. Mpelekee mtaalamu, ambaye aweza kuipima kwa mawimbi ya sauti zisizosikika. Mabomba ya fremu mara nyingi yaweza kutengenezwa kwa kuwekewa tabaka mpya, lakini uma wa mbele na usukani vikipasuka ni heri vibadilishwe.

Jibu la swali

Niliigonga fremu ya kijana yule mbele yake. Juu na chini ya ule mstari sauti ilikuwa safi. Kwenye mstari na pembeni mwake ilikufa. Nikamwambia asiende, naye alihuzunika, kwani mstari wenyewe ulikuwa haba na maandalizi yake makubwa. Tukafanya hesabu ubaoni. Kwenye mteremko alitarajia mwendo wa kilometa 60 kwa saa, yaani mita 16.7 kwa sekunde. Kipeo cha pili cha mwendo huo, kikigawanywa kwa 19.6, ni mita 14. Nishati yake ingekuwa sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka ghorofa ya nne. Hakwenda.

Baadaye alikubali tulikate bomba lile. Ndani, tabaka zilikuwa zimeachana kwa urefu wa kiganja cha mkono, chini ya mstari wa sentimeta 2. Kipande hicho tungali nacho maabara, na fundi aliyesema ni rangi tu alikuja kukitazama. Alikigeuza kwa muda mrefu, akaomba sarafu, akakigonga mwenyewe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa baiskeli hii kazi ya kwanza ni kuutafuta ufa wenyewe. Mwalimu mwenye mizani ya springi na sarafu moja aweza kuanza somo hilo kesho asubuhi.